Jinsi ya Kuendesha Baiskeli ya Milimani kwa Wikendi Moja Katika Msitu wa Magamba, Lushoto

Watu wengi wanaojiandaa kwa safari ya baiskeli milimani hujiuliza swali moja tu, nalo ni kama miguu yao itaweza kupanda. Swali hilo lina uzito wake, lakini katika njia za msitu wa Usambara Magharibi si hilo linaloamua kama utarudi nyumbani mzima. Anayeshindwa kupanda hushuka, akaisukuma baiskeli yake, akapumzika chini ya mti, kisha akaendelea; anayeshindwa kuteremka huanguka. Kwa hiyo mwongozo huu, ingawa unagusa mambo mengi kuanzia basi hadi kiraka cha tyubu, unafuata wazo moja: nguvu za mikono, uzima wa breki na utulivu wa akili vitunzwe kwa ajili ya mteremko, na maamuzi ya safari, hata ya saa ya kuondoka na kiasi cha upepo katika tairi, yafanywe kwa kuufikiria mteremko huo.

Msitu wenyewe ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba, wilayani Lushoto mkoani Tanga, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 9,000 na inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na sehemu za juu za Magamba zinavuka mita 2,000, kwa hiyo ukiondoka mjini asubuhi unaianza siku kwa kupanda, na ukirudi alasiri unaimaliza kwa kuteremka ukiwa umeshachoka. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kufika Udzungwa, na upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi hukutana na kuta zake na kugeuka ukungu. Ndiyo maana mizizi ya Magamba huwa na utelezi hata katika siku ambazo Mombo, kule chini kwenye barabara kuu, vumbi linatimka. Usiitazame anga ya Mombo ukadhani umeshaijua hali ya njia za juu.

Kuchagua wikendi

Masika, kati ya Machi na Mei, si wakati wa safari hii. Udongo mwekundu wa mfinyanzi hushika tairi, ukajikusanya kati ya gurudumu na fremu hadi gurudumu likagoma kuzunguka, na kila tairi linalopita huacha mfereji ambao mvua inayofuata itautumia kubeba udongo kuupeleka bondeni. Wakulima wa Lushoto wamehangaika na mmomonyoko kwa vizazi. Mradi wa hifadhi ya udongo wa SECAP ulifanya kazi huko tangu miaka ya 1980, ukihimiza matuta ya kukinga maji na upandaji wa miti na majani ya mifugo kwenye miteremko. Mpanda baiskeli anayekwenda huko kujifurahisha hana haki ya kuibomoa kazi hiyo. Mvua kubwa ikinyesha Ijumaa usiku, hata kama ni mwezi wa kiangazi, ni bora Jumamosi uipeleke baiskeli kwenye barabara za vijijini zilizoshindiliwa, na msitu uuache ukauke.

Miezi ninayoipendekeza ni Juni hadi Septemba, pamoja na Januari na Februari. Kati ya Juni na Agosti baridi ni kali, hasa usiku na alfajiri, na anayetoka Dar es Salaam au Tanga mjini akiwa na fulana tu atajuta. Chukua koti jepesi linalozuia upepo na glovu zinazofunika vidole vyote, kwa sababu vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kupima nguvu ya breki. Januari na Februari kuna joto la kiasi, na msimu wa plamsi na pichesi huwa umefika, hivyo utakuta watoto na akina mama wakiziuza kando ya barabara kwenye ndoo na vikapu. Ni chakula kizuri cha njiani.

Baiskeli na breki zake

Baiskeli ndefu za mizigo, zile zinazobeba madumu ya maji na magunia ya mkaa, ni imara kwa kazi yake, lakini zina gia moja na breki za vyuma vya fito ambazo rimu ikilowa hukamata kwa shida. Usizilete Magamba. Unachohitaji ni baiskeli ya milimani yenye shokapu za mbele zinazofanya kazi, gia nyepesi ya kutosha kupanda umeketi, na breki mbili zinazokamata sawasawa. Haihitaji kuwa mpya. Katika masoko ya mitumba utapata baiskeli nzuri kwa bei ya chini sana kuliko ya dukani, mradi uende na fundi unayemwamini na mkague mambo manne kabla ya kulipa: nyufa kwenye fremu pale mabomba yanapoungana, mchezo kwenye beringi za usukani na za magurudumu, urefu wa cheni iliyolika, na unene wa pedi za breki.

Breki za diski zinafaa zaidi kuliko za rimu, kwa sababu diski iko mbali na tope na maji, na rimu iliyopinda kidogo haiiathiri. Hata hivyo breki za rimu zilizorekebishwa vizuri, zenye raba mpya, zitakutosha ikiwa utapanga kusimama mara kwa mara. Mchezo huu wenyewe ulizaliwa katika shida ya breki. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin County huko California walikuwa wakishuka milimani kwa baiskeli kuukuu zenye breki ya ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, ile inayokamata ukikanyaga pedeli kinyumenyume. Mwaka 1976 walianza kushindana katika mteremko mmoja mkali, na kila waliposhuka, joto la breki liliunguza grisi yote iliyokuwa ndani ya kitovu, ikabidi wakifungue na kukijaza grisi upya. Kazi hiyo ya kujaza upya ndiyo iliyoupa mteremko huo jina la Repack. Breki zimebadilika tangu wakati huo, lakini joto ni lilelile, na nitalirudia nitakapofika kwenye mteremko.

Tairi liwe na upana wa inchi 2.1 hadi 2.4 na meno yaliyo wazi pembeni. Upepo ndio unaokosewa zaidi, maana mafundi wengi wa mjini, waliozoea baiskeli za mizigo, hujaza tairi hadi likawa gumu kama jiwe. Tairi gumu hurukaruka juu ya mizizi badala ya kuikumbatia, na likiruka haliwezi kufunga breki. Kwa mtu wa kilo 70 anayetumia tyubu, anza na PSI 28 (kipimo cha mkandamizo wa upepo kinachosomwa kwenye pampu) mbele na 30 nyuma, kisha rekebisha kidogo kidogo kwa kadiri ya uzito wako. Ukishusha sana, tyubu itabanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, na utaona matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba. Ukiyaona hayo usitafute mwiba, ongeza upepo.

Kiti kiwe cha kushushika kwa urahisi. Kwenye kupanda kikae juu, kiasi kwamba goti linakunjika kidogo tu pedeli inapokuwa chini kabisa. Kwenye kuteremka kishuke kwa sentimita kadhaa ili upate nafasi ya kurudi nyuma. Wapo wanaoona ni usumbufu kusimama kila mara na kufungua kiti kwa spana. Usumbufu huo wa dakika moja unastahili kabisa, nami siupunguzi hata mteremko ukiwa mfupi.

Kusafirisha baiskeli hadi Lushoto

Yapo mabasi yanayokwenda Lushoto moja kwa moja kutoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Ukipanda basi la barabara kuu linalopita, utashuka Mombo na kuchukua gari la kupandisha mlimani. Barabara ya lami kutoka Mombo kupitia Soni ina kilomita 30 na kidogo, ina kona nyingi zilizobana, na inapanda karibu mita 1,000. Wenye nguvu hutamani kuipanda kwa baiskeli siku ya Ijumaa. Ikiwa wikendi yako ni ya siku mbili tu, panda gari, kwa sababu mwili utakaoufikisha msituni Jumamosi ndio utakaoubeba mteremko wa Jumamosi alasiri.

Ongea na kondakta mapema kuhusu nafasi ya baiskeli kwenye buti na mkubaliane nauli yake kabla mizigo haijaanza kupakiwa. Toa gurudumu la mbele, legeza usukani uugeuze ulale sambamba na fremu, zungushia maboksi mashine ya gia ya nyuma, na uiweke baiskeli upande wa cheni ukiangalia juu. Kama breki zako ni za diski za mafuta, kuna jambo moja dogo la kuzingatia: ukishatoa gurudumu, chomeka kipande cha kadibodi ngumu au cha mbao nyembamba kati ya pedi mbili za breki na ukifunge kisidondoke. Begi la mtu likiubonyeza mkono wa breki wakati diski haipo katikati, pedi husogea na kugusana, na ukifika Lushoto gurudumu halitaingia. Likitokea, zitenganishe polepole kwa kitu bapa kisicho na makali, ukiwa mwangalifu usikwaruze uso wa pedi wala kuugusa kwa vidole vyenye mafuta.

Kibali na mwongozaji

Msitu wa hifadhi hauingiwi bila kibali. Ada hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na ofisi ya TFS, na viwango vya raia na vya wageni kutoka nje hutofautiana, kwa hiyo uliza mapema na ukamilishe malipo Ijumaa kabla ofisi haijafungwa. Ulizia pia ni njia zipi zinaruhusiwa baiskeli, maana baadhi ni za kutembea kwa miguu tu. Mwongozaji wa hapohapo Lushoto anayeendesha baiskeli ni msaada mkubwa, hasa mara ya kwanza, kwa kuwa anajua ni mti gani umeanguka wiki hii na ni daraja lipi la magogo limeoza. Mwambie ukweli kuhusu uwezo wako wa kuteremka, usimweleze tu umbali uliowahi kuendesha kwenye lami.

Pakua ramani ya eneo kwenye simu kabla ya kupanda, kwa sababu mtandao hukatika mabondeni. Mwachie mwenyeji wako wa nyumba ya wageni jina la njia unayokwenda na saa unayotarajia kurudi.

Jumamosi: kupanda kwa akiba

Kunywa chai nzito mapema, uwe barabarani saa moja asubuhi. Kilomita za mwanzo kuelekea kijiji cha Magamba zinapanda mfululizo, na hapa ndipo wengi hutumia nguvu ambazo baadaye watazitafuta. Teua gia nyepesi kabla mlima haujakukamata; ukibadilisha gia huku unakanyaga kwa nguvu zote, cheni huvutwa pembeni ikiwa imekaza na inaweza kukatika. Kaa kwenye kiti, sogea mbele kidogo, shusha kifua ili gurudumu la mbele lisinyanyuke, na endesha kwa kasi ambayo bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Mikono ishike usukani kwa ulegevu. Mtu anayeukaba usukani tangu asubuhi atafika kwenye mteremko vidole vikiwa vimeshachoka.

Beba maji lita 3 kwa kila mtu, na kula kidogo kila saa hata kama huhisi njaa: ndizi, karanga, viazi vitamu vilivyochemshwa, chapati iliyokunjwa na yai. Maji ya vijito vya msituni yanaonekana safi na yanapendeza machoni, lakini yatie dawa au yachemshe kwanza, kwa kuwa juu yake kuna mifugo na makazi.

Ndani ya msitu wenyewe, kasi ipungue. Miti mikubwa ya mkulo hutandaza mizizi yake juu ya njia, na majani yaliyooza huifunika hadi usione ipi imekatiza njia moja kwa moja na ipi imekaa mshazari. Mzizi unaokatiza njia moja kwa moja hauna tatizo. Ule uliolala mshazari ndio unaolivuta gurudumu la mbele pembeni kwa ghafla. Uukabili kwa pembe iliyo karibu na mraba kadiri njia inavyoruhusu, achia breki kabla ya kuufikia, punguza uzito kwenye mikono, na liache gurudumu lipite. Kufunga breki ya mbele juu ya mzizi uliolowa ni njia ya uhakika ya kuanguka. Kwenye maeneo yaliyopandwa misonobari, sindano kavu za miti hiyo hutengeneza zulia linalopendeza lakini linateleza kwenye kona, kwa hiyo ziheshimu kama unavyoheshimu changarawe.

Nyanyua macho pia. Mbega weusi kwa weupe hupita kwenye matawi ya juu, na kima huonekana mara kwa mara. Usambara ina vinyonga wa aina kadhaa wasiopatikana penginepo duniani, nao huvuka njia wakiyumba mbele na nyuma kwa kila hatua, rangi yao ikiwa ya jani lilelile wanalotokea. Ukimwona mmoja, simama umsubiri afike upande wa pili, na umwonye mwenzako anayekufuata. Huwezi kumwona ukiwa katika kasi, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kutokimbia humo.

Watu wa njia

Njia hizi zilikuwa za wenyeji kabla hazijawa za baiskeli. Utakutana na akina mama waliojitwika mizigo ya kuni au majani ya ng'ombe, ambao hawawezi kugeuza shingo kukutazama, na watoto wanaotoka sokoni. Anayeteremka ndiye anayepisha, na baiskeli humpisha mtembea kwa miguu kila mara. Piga kengele ukiwa mbali, kisha punguza mwendo hadi wa kutembea. Panapokuwa pembamba, shuka kabisa, simama upande wa bondeni ili mwenye mzigo apite upande wa mlimani, na umwamkie. "Shikamoo mama" inayotoka kwa mtu aliyesimama ina maana, ila ile inayorushwa na mtu anayepita kwa kasi huacha vumbi tu. Ukikutana na mtoto anayeishangaa baiskeli, mwache aishike, lakini usimpakie.

Mteremko

Panga kuanza kurudi saa nane mchana, hata kama msitu bado unakuita. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo jioni kutegemea mwezi, lakini chini ya miti mikubwa giza huingia mapema zaidi, na ukungu wa alasiri huweza kushuka kabla ya hapo. Taa ya kichwani iwemo kwenye begi, lakini isiwe sehemu ya mpango wako.

Kabla hujaanza, simama. Kula kitu, nyoosha vidole, shusha kiti, bonyeza breki zote mbili kwa nguvu ukiwa umesimama, na ukague kwamba skrubu za usukani na magurudumu zimekaza. Funga kofia ngumu upya, mkanda wake ukibana chini ya kidevu kiasi cha kupitisha kidole kimoja.

Simama juu ya pedeli zikiwa usawa mmoja, ya mbele na ya nyuma, ili isipatikane iliyo chini ya kugonga jiwe. Magoti na viwiko vikunjike, visigino vishuke kidogo, nyonga zirudi nyuma ya kiti kadiri mteremko unavyokuwa mkali. Kidole kimoja, au viwili kwa breki za rimu, vikae kwenye mkono wa breki muda wote, na vidole vilivyobaki vishike usukani. Macho yatazame mbali, pale unapotaka kupita, wala yasigande kwenye jiwe unaloliogopa. Baiskeli hufuata macho, na anayelikodolea jiwe hulipanda.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu unapopunguza mwendo uzito mwingi husogea mbele na kulikandamiza tairi hilo ardhini. Wanaofundishwa kuiogopa hutegemea ya nyuma peke yake, gurudumu likafunga, likaburuzika, likachimba mfereji kwenye njia na lisisimame. Tumia zote mbili kwa pamoja, kwa kubonyeza na kulegeza kidogo kidogo, na upunguze mwendo wote unaotaka kuupunguza kabla ya kona, wakati baiskeli bado imenyooka. Ukishaingia kwenye kona, legeza breki, inamisha baiskeli, kandamiza pedeli ya upande wa nje.

Sasa kuhusu joto. Breki inayobonyezwa mfululizo, hata kwa upole, haipati nafasi ya kupoa; za diski hupoteza nguvu na kuanza kunuka, za rimu huweza kulipasha rimu joto hadi likaiharibu tyubu. Ni bora kuiacha baiskeli iende kidogo pale panaponyooka na kuonekana vizuri, kisha kuibana kwa nguvu kwa muda mfupi, kuliko kuikwaruza breki mlima mzima. Simama kila baada ya dakika chache, hasa mikono inapoanza kuwaka kwenye vigimbi. Usiiguse diski, itakuunguza. Pale unapotilia shaka, shuka utembee, hakuna anayehesabu.

Kwa mtu aliye imara, kilomita 30 za namna hii, kupanda na kushuka, ni siku kamili.

Pancha na dharura

Kila mtu abebe tyubu moja mpya, viraka, gundi ya solusheni, kipande cha msasa, vishikio viwili vya kutolea tairi, pampu, spana za alen, kifaa cha kuungia cheni, na kile kipande kidogo cha alumini kinachoishikilia mashine ya gia kwenye fremu, ambacho kimetengenezwa kivunjike kabla fremu haijavunjika. Kipande hicho hutofautiana kwa kila aina ya baiskeli, na hutakipata Lushoto, kwa hiyo kitafute mapema.

Pancha ikitokea, weka tyubu mpya kwanza na kiraka ukiweke jioni. Kabla ya kuiingiza, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote ukitafuta mwiba uliobaki, maana kuziba bila kuutoa mwiba ni kazi bure. Ipe tyubu upepo kidogo ili ikae mviringo, iingize, na anza kurudisha ukingo wa tairi upande ulio mkabala na vali, umalizie kwenye vali yenyewe. Hapo utaweza kuisukuma vali ndani na tyubu haitabanwa. Jioni, sugua eneo la tundu kwa msasa, paka solusheni kwa wingi kidogo kuliko ukubwa wa kiraka, na usibandike hadi ikauke kiasi kwamba haishiki kidole. Wasio na subira hubandika ikiwa mbichi, na kiraka huachia siku inayofuata.

Majeraha ya kawaida ni michubuko na kuvunjika mtulinga, mfupa wa mbele ya bega, kwa kuangukia mkono ulionyooshwa. Osha mchubuko kwa maji safi mengi uondoe changarawe, kisha ufunike. Khanga moja ndani ya begi inafunga mkono vizuri shingoni, inazuia damu, na inampa joto mtu aliyepata mshtuko. Aliyegonga kichwa asiendeshe tena siku hiyo hata akisisitiza kwamba yuko sawa; apelekwe hospitali ya wilaya mjini. Namba ya dharura ni 112. Na unaposimama kumhudumia mtu au baiskeli, tazama kwanza ardhi unayokanyaga, kwani msafara wa siafu haupigi hodi.

Jumapili

Misuli itakuwa imekaza, kwa hiyo siku ya pili iwe fupi. Njia ya kwenda Irente, kilomita chache kutoka mjini, hupita kati ya mashamba na nyumba na kuishia kwenye ukingo wa mwamba ambapo milima hukatika ghafla na tambarare hutandaa chini yako, na Mombo huonekana mbali. Karibu na ukingo huo shuka uikokote baiskeli. Njiani liko shamba la Irente linalojulikana kwa jibini, mkate na jamu zake, na ni mahali pazuri pa kula mchana bila haraka. Mwenye siku ya tatu anaweza kuifuata barabara ya vijiji vya Malindi na Lukozi hadi Mtae, lakini hiyo ni safari nyingine, na sehemu yake kubwa ni barabara ya magari.

Wapo wanaotaka kumaliza kwa kuteremka lami hadi Mombo. Mandhari ni ya kuvutia, ila mafuso yaliyojaa kabichi, karoti na viazi hushuka barabara hiyohiyo, kona hazionyeshi kinachokuja, na kingo zake ni finyu. Ukiamua kushuka, fanya hivyo asubuhi, mkiwa katika mstari mmoja mlioachana, mkiwa na nguo za rangi inayoonekana, na pedi za breki zikiwa na unene uliobaki wa kutosha baada ya kazi ya Jumamosi. Mimi napendekeza gari.

Kabla ya kupakia, osha baiskeli kwa ndoo ya maji na brashi. Usitumie mashine ya kuoshea pikipiki, kwa sababu mkandamizo wake hupenyeza maji na tope ndani ya beringi. Futa cheni hadi ikauke, dondoshea tone moja la oili kwenye kila kiungo, zungusha pedeli, kisha futa tena oili iliyobaki nje, kwa kuwa ndiyo inayokamata vumbi. Epusha oili na diski. Pitia spoku moja moja kwa kuzibana mbili mbili kwa vidole; iliyolegea itajulikana mara moja, na fundi ataikaza wiki hiyohiyo kabla haijazikata nyingine. Pedi za breki zilizobakiwa na unene wa chini ya milimita moja zibadilishwe zote mbili kwa pamoja.